Kondoo Niliyemnunua Ili Asiliwe

Nina aibu zangu kadhaa, lakini hii ya kondoo wa mama ndiyo inayonifanya niangalie simu ikilia na nisishike nikiona ni ya nyumbani, na ninawaambia tu kwa sababu nyinyi ni watu wangu, mkicheka chekeni polepole.

Mnajua nilikuwa nimeacha nyama. (Mnajua sana, maana sikuwaacha mpumue.) Hapa Free Area, mtaani Nakuru, kila aliyefunua sahani mbele yangu alihubiriwa: ya nini kuua mnyama na viazi vipo, kwa sababu tu ya utamu wa mdomoni? Na bado naamini ni kweli, hapo ndipo penye uchungu.

Sasa mama, huko Kuresoi, alikuwa na kondoo jike aliyemlea kwa chupa baada ya mamake kufa, na kondoo huyo akawa anamfuata shambani kwenye viazi akinusa viatu vyake vya gambuti. Mama alipougua aliahidi Mungu kwamba akipona atatoa kitu anachokipenda. Akapona, na yeye si mtu wa kumpunja Mungu, kwa hivyo Jumapili ya mavuno akamfunga kondoo kamba ampeleke kanisani, ambako sadaka huuzwa kwa mnada. Lakini kabla ya kutoka akanivuta kando jikoni.

"Mimi nikishatoa siwezi kununua tena, ni kama kumnyang'anya Mungu," akasema. "Wewe nunua kwa mnada, uniletee hapa nyumbani. Ndugu zako wakimnunua watamchinja. Wewe huli nyama, kijana yangu, ni wewe tu naweza kuamini."

Basi baada ya ibada mnada ukaanza, kabichi, kuku, magunia ya viazi, halafu kondoo, nami nikapandisha bei hadi wote wakanyamaza. Ningeshika kamba niende zangu. Lakini mnada wa kanisa kwetu una tabia yake: ukishanunua unapewa maiki useme unampatia nani, na ukibeba kimyakimya unaonekana mchoyo. Mwenye maiki, jamaa niliyesoma naye, alikuja akicheka tayari.

"Huyu ndiye yule wetu aliyehamia tao, hali nyama! Sasa boss, hii kondoo unapeleka wapi? Unaenda kuioa?"

Kanisa zima likaangua kicheko, hata pasta, hata wageni waliotoka Nakuru walioketi meza ya mbele. Ningesema tu, "Nampelekea mama." Maneno mawili! (Siku hizi najiambia nilikuwa namlinda asionekane amejirudishia sadaka. Uongo. Nilitaka tu waache kunicheka.)

"Nawapatia kina mama wa jikoni," nikasema, "wapikie wageni!"

Makofi, vigelegele. Kondoo akavutwa nyuma ya kanisa, nikawaza nitamfuata nikaongee na wapishi taratibu, lakini kila nikijaribu kupita mtu ananishika mkono kunipongeza, na nilipofika ngozi ilikuwa imeshaanikwa kwenye seng'enge.

Haikuisha hapo. Maini huiva kwanza, na yule jamaa akaniletea kwenye sahani yakitoa mvuke, maiki bado mkononi. "Aliyetoa aonje kwanza! Leo tumuone!" Watu wakasimama kunitazama, nikachukua kipande kidogo ili yaishe. Jamani, yalikuwa matamu. Chumvi na moto tu, na mimi siku nyingi sijaonja, nikachukua cha pili bila kuambiwa, na cha tatu, na nilikuwa nalamba vidole nilipoinua macho nikamwona mama karibu na mlango, ameshika kamba tupu.

Hakupiga kelele. Angepiga, ningeshukuru. Aliuliza tu, "Ilikuwa tamu?"

Nikaitikia kwa kichwa, mdomo ukiwa bado umejaa.

Sikuapa kuacha nyama upya, maana sasa najua kiapo changu hakifiki mbali. Niliapa sitamhubiria mtu mwingine juu ya sahani yake, na hilo nimelishika. Lakini nikienda nyumbani, ndugu zangu wakipakuliwa mchuzi wa nyama, mimi mama huniwekea kabichi na viazi kwenye sahani ya kando, na kila mara husema, bila kutabasamu, "Si wewe huli nyama."