Nguzo Yenye Sare

Nilipokuwa mlinzi Dubai, kazi yangu kubwa ilikuwa kusimama. Nimesimama langoni pa ghala kule Freezone, eneo la biashara huru la uwanja wa ndege, nimesimama mbele ya duka la saa, na nimesimama miezi sita kando ya bwawa la kuogelea ambamo sikuwahi kutia hata kidole. Nikawa hodari. Wenzangu walihamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule kama kuku kwenye majivu ya moto. Mimi niliweza kukaa saa nzima bila kutikisika, macho tu yakifanya kazi. Msimamizi wangu, Mnepali mpole aliyependa fomu kuliko chakula, aliniambia nina miguu ya jeshi. Nilikubali ni sifa.

Kwa ajili ya miguu hiyo, Novemba moja, alinipeleka mtaa wa Marina kulinda maonyesho ya vitambaa.

Sikutarajia kitu. Nguo ni nguo. Lakini ukumbi ule, orofa ya chini ya hoteli moja ndefu, ulijaa nguo ambazo hakuna mtu angezivaa tena, zimetundikwa kama picha za marais. Kushoto ilikuwa Asia: joho la hariri la Uzbekistan ambalo rangi zake ziliingiliana kama zimenyeshewa, shuka la kisiwa cha Sumba lenye farasi na mti uliozaa mafuvu, kitambaa cha harusi cha Gujarat ambacho nyuzi zake hutiwa rangi kwanza, kipande kwa kipande, kabla hazijafumwa, hivi kwamba fundi akikosea hesabu tembo anakosa mguu. Kulia ilikuwa Amerika, ile ya wenyeji wa kwanza: blauzi za Guatemala, mablanketi ya Wanavajo, na ndani ya kioo kipande cha kahawia kilichotoka kwenye makaburi ya kale ya pwani ya Peru, kina ndege wa macho makubwa walionitazama zamu nzima. Katikati ulisimama mlango wa mbao wa kuchonga, wa nyumba ya tajiri fulani wa zamani wa Gujarat, miimo yake mizito imejaa maua na kasuku. Nyumba haikuwepo. Ulikuwa mlango tu, unapita na kujikuta pale pale ulipokuwa.

Madam aliyesimamia maonyesho alinipa maagizo: watu wasiguse, wasile, wasiweke kitu popote. Kisha akaniambia kwamba kutakuwa na mfumaji kutoka milima ya Peru, atafuma mbele ya wageni siku sita mfululizo.

Bibi huyo alifika siku ya ufunguzi, saa tatu nzima kabla ya wageni kuingia. Alikuwa mtu wa miaka sitini hivi, mfupi, mabega mapana, nywele zimesukwa mikia miwili hadi kiunoni, kofia nyeusi kichwani ambayo hakuivua hata mara moja. Chombo chake cha kufumia kilikuwa vijiti vitano na kamba, vimefungwa ndani ya blanketi. Namna kinavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Ncha moja ya nyuzi hufungwa kwenye mti au nguzo, na ncha nyingine hufungwa kwenye mshipi unaopita nyuma ya kiuno cha mfumaji mwenyewe, ambaye ameketi chini. Akijirudisha nyuma nyuzi zinakaza. Akiinama mbele zinalegea. Bila nguzo hakuna kitambaa.

Na ukumbi ule, pamoja na urembo wake wote, haukuwa na nguzo ya kumfaa. Zilikuwepo nne za marumaru, nene kiasi kwamba watu wawili wasingezikumbatia, na kamba haikutosha kuzizunguka. Kutoboa ukuta hoteli ilikataa.

Bibi akaangalia huku na huku, akauona mwimo wa mlango wa Gujarat, uso ukamng'aa. Kwa kweli ulifaa kabisa; kama fundi wa kasuku wale angalikuwepo, nadhani angemruhusu. Bibi alikuwa ameshapitisha kamba shingoni mwa kasuku wa kwanza nilipomfikia na kunyanyua mkono. Madam alikuja mbio viatu vikilia, amebadilika rangi.

Hapo ndipo ilipogunduliwa kwamba hakuna anayejua lugha ya bibi. Alizungumza Kikechua, na Kihispania kidogo. Mkalimani aliyeahidiwa alikuwa amekwama uwanja wa ndege wa nchi nyingine. Akaitwa mhudumu wa mgahawa wa hoteli, dada Mfilipino ambaye sote tulimwita kabayan, yaani 'mtu wa kwetu' kwa lugha yao; aliitwa kwa kuwa lugha hiyo ina maneno mengi ya Kihispania. Ni kweli yapo. Ila ni ya samani. Alijua meza, kiti, dirisha, kijiko, viatu, na kutaja saa. Kwa maneno hayo alifanya ukalimani wa siku sita.

Wakajaribu mlango wa dharura. Bibi akafunga kamba kwenye kipini, akaketi, akajirudisha nyuma, mlango ukafunguka na king'ora kikalia hoteli nzima. Wakajaribu kiti, kabayan akakikalia kukipa uzito. Kiti kikateleza juu ya marumaru pamoja naye. Ikabaki nusu saa. Madam alikuwa ameketi ameshika kichwa.

Bibi akanitazama. Mimi nilikuwa nimerudi mahali pangu, nimesimama nilivyozoea. Akanizunguka mara moja. Akanisukuma kiunoni kwa viganja viwili, kama mtu anayejaribu ng'ombe mnadani. Sikutikisika. Akasema neno moja kwa Kikechua, akapitisha kamba juu ya mkanda wa sare yangu, akafunga fundo.

Madam alinyanyua kichwa, akaiangalia kamba. "Unaweza kusimama hivyo hadi saa tatu usiku?" akaniuliza.

Nilimwambia kwamba ningesimama hadi saa tatu hata bila kamba. Yeye akasema, "Khalas," yaani basi, imekwisha, na milango ikafunguliwa.

Wageni walipenda sana. Ukutani palikuwa na kibandiko kilichoeleza, kwa Kiingereza na Kiarabu, kwamba katika milima ya Peru chombo hiki hufungwa kwenye mti wa uani, na msichana mmoja mdogo akamuuliza baba yake kama mti wenyewe ni mimi. Baba alisoma tena kibandiko, akanitazama, akajibu kwamba inawezekana. Mzee mmoja aliyevalia kanzu nyeupe iliyonyooshwa vizuri alitaka kujua kwa madam kama askari naye ametoka Peru. Nilipigwa picha nyingi siku ile kuliko siku ya harusi yangu.

Lakini kilichonishangaza ni kiuno. Nilidhani nitavutwa tu, basi. Kumbe kamba inasema. Bibi akipitisha uzi na kuugonga kwa kibao cha mfupa nilihisi mgongo wangu ukijibu: vuta, legeza, gonga. Kwenye mistari ya wazi tulikwenda kwa mwendo wa kutwanga. Akifika kwenye ndege wa nakshi yake, ambapo lazima aokote nyuzi moja moja kwa kucha, kamba ilikaa imenyooka muda mrefu na mimi nikajikuta nabana pumzi. Kufikia saa ya kufunga niliweza kujua bila kugeuza shingo kwamba ndege ameanza. Nikisahau na kulegea kidogo, alitikisa kamba mara mbili, nami nikajipanga.

Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa, zamu inaanza mchana, nikamtumia mama yangu ujumbe wa sauti kupitia simu ya dada yangu, nikamweleza yote. Mama yangu husuka viondo. Amesuka tangu kabla sijazaliwa, na utoto wangu mwingi niliupitisha nimemshikia mkonge, mkono umekufa ganzi, nikiapa kwamba nitasoma nipate kazi isiyokuwa na kamba. Tangu nifike Dubai nilikuwa nimemtumia picha za majengo yote marefu. Kuhusu lile refu kuliko yote alisema, "Ni refu," basi.

Safari hii alijibu kabla sijamaliza chai, na alijibu kwa maswali. Huyo bibi anasokotea uzi pajani au kwa kijiti? Ameketi juu ya nini? Anaanzia kulia au kushoto? Akikosea anafumua, au anaendelea na kuficha? Sikujua hata moja. Nilikuwa nimempa mgongo saa nne nzima, nikitazama watu.

Basi nikaenda kazini na maswali. La kusokota halikujibika, kwa kuwa uzi alikuja nao tayari. Ameketi juu ya ngozi ya kondoo. Hilo niliona mwenyewe. La kulia na kushoto nililichungulia kwenye kioo cha ndege wa makaburini, ambacho kilimwonyesha vizuri nyuma yangu. La kufumua nilimpa kabayan aulize wakati wa mapumziko, akauliza kwa vijiko na kwa vidole, bibi akacheka hadi akashika kofia. Kisha akafumua mistari miwili mbele yetu, polepole, akairudisha. Nilimpelekea mama yangu jibu. Yeye akarudisha salamu, na akaagiza nimwambie mwenzake kwamba autunze mgongo, sakafu ya mawe ni baridi. Kabayan aliifikisha kwa njia ya kiti na dirisha. Sijui ilifika kama nini, lakini bibi aliweka blanketi chini ya ngozi ya kondoo.

Nadhani blanketi hilo ndilo lililotuponza.

Siku ya tatu, ukumbi umejaa, bwana mmoja aliyekuwa anaongea na simu aliweka kikombe chake cha kahawa juu ya kizingiti cha mlango wa Gujarat. Mlinzi ana mwili wake na mwili una mazoea yake. Nilikuwa nimeshatembea hatua saba kabla sijakumbuka kwamba nimefungwa. Sikuhisi uzito wowote. Blanketi juu ya marumaru iliyong'arishwa lilikuwa kama sabuni, na bibi, kofia kichwani, vijiti vyote mkononi ili kazi isiharibike, alinifuata akiwa ameketi vile vile, uso umetulia kama abiria aliyelipa nauli. Nilimwomba yule bwana achukue kikombe chake. Akakichukua. Nilipogeuka, watu walikuwa wakipiga makofi wakidhani ndivyo inavyofanywa huko Peru.

Na kwenye mlango wa ukumbi alikuwa amesimama msimamizi wangu, amekuja kukagua, fomu mkononi.

Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Aliniomba nisogee kando, nikasogea, bibi naye akasogea. Fomu ilikuwa na nafasi tatu za kutia alama: mlinzi yupo, mlinzi hayupo, mlinzi amelala. Akazisoma tena zote tatu. Akaniuliza ni nani aliyeruhusu nifungwe, na kwa nini mimi na si kitu kingine. Swali hilo la pili nilitaka kulijua pia, kwa hiyo kabayan akaitwa.

Bibi alijibu kwa urefu, akionyesha huku na kule. Kabayan alisikiliza kwa makini yote.

"Anasema kiti," akatangaza. Bibi akaongeza. "Na viatu."

Msimamizi aliandika kiti na viatu. Ni baada ya bibi kuinama na kugonga soli ya kiatu changu kwa kucha ndipo tulielewa. Viti vinateleza. Viatu vya mlinzi vina mpira. Hakukuwa na sababu nyingine yoyote, na mimi nilikuwa nimeshajiwazia mambo ya roho na mabara.

Msimamizi alitia alama kwenye yupo, akaandika pembeni kwa herufi ndogo "sana", akaniambia kuanzia kesho nisifungwe. Madam akapiga simu kwa seremala wa mtaa wa Satwa, na asubuhi ikaletwa nguzo ya mbao yenye kitako kipana kama meza, imepakwa vanishi.

Nilitumaini bibi ataikataa. Nakiri. Nilisimama kwenye nafasi yangu, huru, nikingoja aketi, avute, atikise kichwa na kuniita. Bibi aliigonga, akafunga, akajirudisha nyuma, akatoa mguno wa raha, na siku ile alifuma karibu mara mbili ya jana. Nguzo haipigi chafya. Niliionea wivu mbao hadi saa ya chakula.

Mchana aliniita kwa mkono, akanionyesha kitambaa kuanzia mwanzo. Sehemu ya nguzo ilikuwa na kingo zilizonyooka kama rula. Sehemu yangu ilipanuka na kubana, kubana na kupanuka, ikapumua. Akaweka kidole mahali, akaigiza chafya. Akaweka kingine, akalegeza mabega na kusinzia. Nikapinga kwamba sikusinzia, akaweka kidole pale pale tena. Mahali pa tatu alitelezesha kiganja chake sakafuni, na hapo tulicheka hadi madam akaja kuangalia kuna nini. Kulikuwa na ndege mwenye shingo ndefu kupita wenzake. Hakumfumua.

Siku ya mwisho, wageni wamekwisha, alinivua kofia ya sare, akaniketisha juu ya ngozi ya kondoo na kunifunga mshipi. Nilifuma mistari minne. Kutoka upande ule kazi ni nzito zaidi kuliko nilivyodhani. Mgongo unafanya kazi, vidole havisikii amri, na kila kijiti nilichokishika kilikuwa sicho. Bibi alinitazama hadi mwisho bila kunisaidia. Kisha akafumua mitatu, akauacha mmoja, akafunga vijiti vyake.

Niliomba ruhusa kwa madam, nikakipiga picha kitambaa chote, nikamtumia mama yangu. Jibu lilichukua siku mbili. Bibi akawa ameshapanda ndege, vitambaa vimeingia makasha, mimi nimerudishwa langoni pa ghala. Ujumbe ulipofika nilikuwa kwenye foleni ya basi. Alisema mstari wangu ameuona, umevutwa mno upande wa kushoto, lakini hilo haliulizi. Anachouliza ni ile rangi nyekundu ya kitambaa. Inatokana na nini?

Nilimjibu kwamba sikumuuliza bibi.

"Siku sita," akasema mama yangu, na nikasikia anavyosokota huku anaongea. Akaniambia nikimwona tena nisisahau.