Ngozi Kwenye Gurudumu la Nyuma

Pikipiki yangu ni ile ya kwendea mashambani, ndefu na nzito, na haina stendi ya kati kama za bodaboda. Ina mguu wa pembeni tu. Mimi ni afisa ugani. Nashinda kwenye mashamba ya watu kule Mbwawa na Pangani, kata za huku kwetu, na cheni inakula mchanga kila siku. Zamani nilikuwa naipeleka kwa fundi, mpaka nikachoshwa na wanaume wa kijiwe chake waliokuwa wakinitolea macho kila nikiinama. Nikaenda kwa mchomeleaji, akanitengenezea stendi ya nyuma: mabomba ya chuma yaliyokunjwa, vigurudumu viwili chini, na vikono viwili vyenye mpira vya kukaa chini ya vyuma vinavyoshika gurudumu la nyuma. Ukiikandamiza, gurudumu linapanda hewani.

Ni kazi ya watu wawili, mmoja ashike pikipiki na mwingine akandamize. Lakini mume wangu anaondoka alfajiri kwenda kazini Dar na anarudi hoi, hivyo nilijifunza kuifanya peke yangu. Naweka kipande cha ubao chini ya mguu wa pembeni ili pikipiki isilale sana. Nanyoosha usukani. Nasimama kushoto kwa nyuma, mkono wa kushoto kwenye keria, wa kulia kwenye stendi, naangalia vikono vyote viwili viguse sawasawa. Halafu naivuta pikipiki isimame wima na papo hapo nakandamiza. Pagumu ni pale katikati, gurudumu limeshaanza kuacha ardhi lakini stendi haijalala. Hapo huachii mkono hata mmoja. Ukiachia, imekwenda chini, na pengine na wewe.

Wiki hiyo shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa ameiazima. Anaishi Kisarawe na mama yao. Alisema ana mzigo wa kutoa Kwala, na mume wangu akaniomba nisimnyime. Akairudisha Alhamisi jioni ikiwa imeoshwa juu juu, na mkononi ameshika kipande kikubwa cha nyama kwenye mfuko wa salfeti.

"Shemeji, hii ya kwako. Nyingine nimemwachia mama."

Nilishukuru sana. Nikaipika kwa nazi usiku uleule. Nyama ilikuwa nyeusinyeusi na ilichelewa kuiva, nikadhani ni ng'ombe mzee tu. Tukala mimi na mume wangu, tukalamba na vidole.

Ijumaa nikaenda Mbwawa, na kila nilikosimama kulikuwa na uvundo. Kwanza nikadhani ni banda la nguruwe la mtu. Nikahamia shamba jingine, uvundo upo. Mzee mmoja niliyekuwa namwelekeza kupanda mihogo akaziba pua kwa kofia yake, akanitazama, halafu kwa adabu akatazama pembeni. Nilijisikia vibaya mpaka nikajinusa makwapa.

Jumamosi asubuhi nikaitoa pikipiki uani. Nikaweka ubao, nikanyoosha usukani, nikasogeza stendi. Nilipoinama kuangalia vikono, inzi wa kijani wakaruka kutoka chini ya madigadi wakanipiga usoni. Nikawafukuza. Nikashika keria, nikavuta, nikakandamiza.

Tukiwa pale katikati, kitu laini na baridi kikanidondokea kwenye mkono wa kulia, karibu na kiwiko. Kikafuata kingine. Nikatazama. Funza. Weupe, wanene, wanajikunja, mmoja anapanda kuelekea kwenye mkono wa blauzi yangu. Juu yao ukawa unadondoka uji wa rangi ya kahawia, na harufu yake siyo ya kunusa tena, ilikuwa inaingia mdomoni. Nilitaka kuruka, nipige kelele, nijikung'ute kama kuku. Nisingeweza. Pikipiki nzima ilikuwa mikononi mwangu. Nikafumba mdomo, nikafumba na macho, nikaegemeza uzito wote kwenye stendi huku nikisikia yule funza ananitambaa kwapani. Stendi ikalala chini. Pikipiki ikatulia. Ndipo nikavua blauzi palepale uani, sikujali nani anachungulia, nikatapika kwenye maua yangu.

Nilipopata nguvu nikarudi na kijiti. Nikazungusha gurudumu taratibu. Kwenye ekseli, kati ya cheni na spoku, kulikuwa kumejisokota ukanda wa ngozi ya ng'ombe, mrefu kama mkanda wa suruali, una manyoya bado. Nyama iliyoshikana nayo, nyingine imerukia chini ya madigadi, ilikuwa nyeusi, damu imegandia ndani. Nimekulia Singida kwenye mifugo. Ng'ombe aliyechinjwa damu inamtoka. Huyu haikumtoka. Nikatazama kijiti, nikakumbuka sufuria ya nazi.

Nikampigia simu shemeji.

"Ule mzigo wa Kwala ulikuwa nini?"

Akacheka. "Si nyama tu, shemeji."

"Alichinjwa?"

"Alikufa mwenyewe, ila alikuwa mnene. Jamaa waliona hasara kumfukia. Nyama ni nyama, ikishaiva nani anajua?"

"Nyingine mmepeleka wapi?"

"Kwa watu wa supu huko barabarani. Shemeji, usiikuze."

Nilikata simu. Niliukata ule ukanda kwa kisu nilichokuja kukitupa, nikaufukia. Nikasugua gurudumu kwa mafuta ya taa, kisha sabuni, kisha mafuta ya taa tena. Nilioga mpaka ngozi ikaniwasha, na bado nilipojikuna kwapa nilihisi kitu kinatambaa.

Mchana nikaenda Kisarawe. Nilijua yule hatamwambia mama yake. Nilimkuta mama mkwe jikoni, na juu ya moto nyama zimebanikwa kwenye wavu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umefika wakati mzuri, kaa ule."

Nikamweleza, hata sikukaa. Nilipomaliza akamwita mwanawe kutoka chumbani.

"Ng'ombe yule alisomewa bismillahi?"

Shemeji akatazama miguu yake.

"Nakuuliza wewe. Umenilisha nyamafu?"

Mama akatoka nyuma ya jiko, akatema mate, akatema tena, akajiingiza kidole kooni kama mtoto aliyekunywa sumu. Hakikutoka kitu. Aliporudi, macho yamejaa machozi, akabeba ule wavu na nyama zake, akamwekea mwanawe miguuni.

"Chukua jembe. Zika. Na sufuria zangu utazisugua wewe kwa mchanga."

Kisha akanigeukia. "Na wewe ulikula?"

"Nilikula, mama."

"Ulimaliza?"

"Nilimaliza."

Akakunja uso, akanimiminia maji nisukutue, naye akasukutua. Shemeji alichimba huku anatukana chini kwa chini, na mimi nilimtazama nikaona mtu aliyenichukiza kuliko wale funza.

Jumatatu nilimweleza afisa wa afya. Wale watu wa supu walifungiwa kwa muda, kisha wakafungua tena, na bado wanajaza wateja. Mume wangu alikasirika kwamba sikumwambia yeye kwanza, kwamba nimeianika familia yao. Nilimuuliza kama aliipenda ile nyama ya nazi. Akaacha chakula chake, akatoka nje.

Tangu siku hiyo pikipiki haiazimwi. Shemeji akija nyumbani namsalimu, namwekea kiti. Akija na mfuko mkononi, namwambia auache nje ya geti.