Dawa ya Bluu ya Obure

Kuna watu wa kupenda pombe, kuna wa kupenda siasa. Obure wa Silibwet alipenda kupiga dawa. Na si dawa yoyote, ni ile ya bluu, ya kuzuia ukungu wa nyanya. Mvua ya Bomet unaijua: alasiri inanyesha, inaosha majani yote. Basi asubuhi Obure yuko tena shambani, pampu mgongoni, gambuti mpaka magotini, anapuliza. Nyanya akapuliza, viazi akapuliza, ua akapuliza, hata migomba ambayo haikuwa imelalamika kwa mtu. Jirani yake Edinah, Mkipsigis mwenye ng'ombe wa maziwa na mdomo usio na breki, alikuwa akimpigia kelele ng'ambo ya ua: "Baba Nyamusi, leo umesahau kupulizia mbwa!"

Obure alicheka tu. Watu waliohamia hapa pamoja naye kutoka Kisii walipoteza nyanya msimu baada ya msimu, yeye wapi! Ungemwambia nini?

Akimaliza, pampu aliiosha palepale kila siku, nyuma ya jikoni karibu na tangi, maji yakamwagika chini. Miaka na miaka. Na kona hiyohiyo ndiyo mkewe Phelis alichagua kupanda chinsaga, kwa sababu maji yako karibu. Sasa, hiyo haikuwa mboga ya kununua sokoni. Mbegu ilikuwa ya marehemu mama yake Phelis, aliyeipanda na kuivuna mwenyewe maisha yake yote, na uchungu wa majani yake, Phelis hajawahi kuupata kwa sufuria ya mtu mwingine. Ilikuwa imebaki kidogo ndani ya kopo. Phelis akaimwaga yote.

Hapo alikosea, nitasema ukweli. Mbegu ya mwisho haimwagwi yote, jamani. Lakini alikuwa amemkosa mama yake vibaya, na alitaka kuila mboga ile upesi.

Ikaota vizuri, ikafika kimo cha kidole, ikagoma. Majani yakawa manjano, mishipa tu ndiyo ikabaki kijani. Obure akaitazama, akatikisa kichwa kama daktari wa hospitali kubwa. "Huu ni ugonjwa, Mama Nyamusi. Niachie mimi." Akapuliza. Manjano ikazidi. Akapuliza tena. Miche ikaanza kulala mmoja mmoja, na Phelis akanyamaza. Phelis akinyamaza, hata chai ya nyumba hiyo hainyweki.

Edinah ndiye aliyemleta Kipngetich, afisa wa kilimo, siku alipokuja kuangalia nyasi za ng'ombe wake. Kipngetich akang'oa mche mmoja, akauosha, akauinua. Mzizi ulikuwa mfupi, mweusi, hauna hata vinywele.

"Mzee, pampu unaosha wapi?"

Obure akaonyesha kwa kidevu.

"Basi umelisha mboga shaba. Hii dawa ya bluu ni shaba, mzee, ile ile ya waya ya stima. Mmea unataka kidogo tu, kama vile wewe unataka chumvi. Ikizidi inachoma mizizi, inazuia na chuma kufika kwa majani. Ndiyo unaona hiyo manjano."

"Na hizi nyasi je?" Obure akabisha. "Si zimenona hapohapo?"

"Hizo zinajua kujitetea. Mmea hauna miguu ya kukimbia. Kuna yenye inafungia shaba kwa mizizi isipande juu. Kuna yenye inaijaza kwa majani mazee, halafu inayaangusha. Hata chinsaga ilijaribu, mzee. Wewe ndiye hukuipumzisha. Weka samadi na chokaa, na tafadhali, usipulize."

Edinah alicheka mpaka akashikilia ua. Phelis hakucheka. Alikuwa amechuchumaa mwisho wa tuta, mbali kidogo na tangi, ambapo mche mmoja ulikuwa bado umesimama. Ulikuwa mwembamba, lakini umeanza kutoa maua.

"Huu ukikauka," akasema, "mama atakuwa amenifia mara ya pili."

Obure alikosa pa kuweka macho. Jioni hiyo akabeba pampu yake mpaka kwa Edinah.

"Niwekee kwa stoo. Nikija kuiomba, usinipe."

"Hata ukilia?"

"Hata nikilia."

Hakukaa sana, akaja. Jani moja la ule mche lilikuwa na doa. "Doa dogo tu, Mama Weldon! Nipulize mara moja, nirudishe!" Edinah akafunga stoo, ufunguo akautia kifuani, akamletea mursik. Obure akayanywa yale maziwa amenuna kama mtoto aliyenyimwa ugali.

Doa likabaki doa. Mche ukabeba maganda, yakakauka, na Phelis akayachuma kabla hayajapasuka. Akapepeta takataka kwa pumzi, akamimina mbegu kwenye kiganja cha mumewe.

"Panda wewe. Lakini mahali hujawahi kupiga dawa."

Obure akatoka na ngumi imefungwa. Akasimama penye nyanya, akakumbuka, akasonga. Penye viazi, pia. Chini ya migomba, kando ya ua, hata kule juu penye majani chai. Shamba alilolitunza kuliko mtu yeyote Silibwet alilizunguka lote, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Phelis alikuwa mlangoni, anamtazama.

Edinah alimwona akiingia langoni kwake. "Rudi, Baba Nyamusi! Pampu sikupi!"

"Sikujia pampu." Obure akafungua mkono. "Naomba mahali pa kupanda, Mama Weldon. Kwangu hakuna."