Mrija Badala ya Kisu

Asubuhi moja niliondoka Kimulot bila mpango, kama kawaida yangu, ingawa nilikuwa nimetoka kufanyiwa upasuaji wa apendiksi majuzi tu. Kufika Litein, homa ilinishika na tumbo la chini likauma hata kukaa kukanishinda. Hospitalini walinipima, wakaona usaha umejikusanya ndani ya nyonga. Niliogopa kupasuliwa tena.

“Hatupasui,” daktari akasema. “Tunaingiza sindano tukiiangalia kwenye skrini, halafu tunaacha mrija wa kutoa usaha.”

“Basi geuza skrini na mimi nione.”

“Wewe ni mgonjwa ama mwanafunzi?” nesi akacheka, lakini akaigeuza. Nikaona sindano, mstari mweupe, ikiingia kwenye doa jeusi la usaha, na doa likaanza kunywea.

Homa iliposhuka waliniruhusu nitoke na mrija na mfuko wake wa kupokea usaha, mradi nilale karibu na hospitali. Mama mmoja mchuma chai alikuwa na chumba cha kukodisha. Nikaingia, nikatundika mfuko juu kwenye msumari ukutani.

“Ai, kijana! Hiyo si dripu,” akasema. “Nimeuguza mzee wangu na mrija. Mfuko hukaa chini, usaha uteremke.”

Akautundika kwenye kikapu chake cha kuchumia chai, sakafuni kando ya kitanda. “Sasa lala.”