Mirunda ya Fundi Tobia

Hapa Malindi, kijiji chetu cha milimani juu ya Soni, Fundi Tobia anajulikana kwa mambo mawili: mirunda na makelele. Akisimamisha miti ya kushikilia zege, ile mirefu ya kuungwa kwa sababu ya mteremko wetu, huizunguka akiigonga mmoja mmoja kwa nyundo na kuisikiliza. Ole wako uegemee mmoja. Utatukanwa hadi ukoo wako usikie.

Jumatano alimwaga zege la ghorofa ya ukumbi wa usharika. Kesho yake mama yake, Bibi Efrazia, akafariki. Zege halilali, lakini msiba nao haungoji.

Jumamosi, siku ya mazishi, Tobia alishuka hadi stendi ya Soni kumpokea dada yake. Ibada ilianzia uwanjani. Mvua ikatushukia, sote tukakimbilia chini ya ghorofa ile changa, zege lake la siku tatu bado likibebwa na mirunda. Jeneza likakwama, mirunda imesongamana. Mzee wa kanisa, Danieli, akasema Bibi hawezi kunyeshewa kama kuni. Vijana wakang'oa miti ya katikati, jeneza likapita. Jamani, na nyimbo tukaimba!

Tobia akatokea na dada yake. Nikajiandaa kwa matusi. Hayakuja. Akatazama palipong'olewa miti, akasema taratibu, kwa sauti ya kubembeleza mtoto:

"Ndugu zangu, tokeni. Msikimbie. Msiguse mti wowote."

Watu wakatoka. Tukabaki wanne tulioshika jeneza.

"Liacheni," akasema.

"Fundi, huyu ni mama!" nikamjibu.

"Alen, mama ameshakufa. Wewe bado. Toka."

Nilishtuka, nikamchukia palepale. Mtoto gani anamwacha mamaye hivyo? Dada yake akapiga ukunga, akataka kuingia. Tobia akamkumbatia kwa nguvu asipite. Niliachia jeneza kwa hasira, wala si kwa utii.

Sijapiga hata hatua kumi kwenye mvua, nikasikia mti ukipasuka. Kisha ghorofa yote ikashuka. Niligeuka, nikaona rundo la zege na nondo pale nilipokuwa nimesimama. Nikakaa kwenye tope.

Tulifukua hadi jioni. Bibi Efrazia tukamzika kwenye jeneza jingine, na Tobia ndiye aliyetupia udongo wa kwanza. Tulipanga mstari kumpa pole. Zamu yangu ilipofika nilimshika mkono tu. Sikujua nianze na pole ipi, ya mama yake au ya ghorofa tuliyoing'olea miti.