Posa Yangu na Simu ya Upande Mmoja

Posa yangu ilijibiwa na simu mbovu. Najua hamtaniamini, lakini aliyeumbuka ni mimi, kwa hiyo niacheni nisimulie.

Mimi ni fundi wa simu za ofisini, hizi zinazopita kwenye waya wa intaneti. Baba wa mchumba wangu ana duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Wazee wangu walikwenda kuposa, akawapokea vizuri, akawaambia, "Tutaongea."

Hakuongea.

Miezi ikapita. Kila nikienda kwake nilikaa ukingoni mwa kiti, nikasifia hali ya hewa, nikaaga. Binti akaanza kunichoka, na haki yake.

Siku moja mzee akapiga ofisini kwetu kwa simu yake ya mkononi, nikapokea mimi. Simu za dukani zimepagawa: wateja wanamsikia yeye, yeye hawasikii wao.

Vijana wa dukani walidhani laini imekufa, wakawa wanawasema wateja waziwazi. Mmoja alisikia akiitwa "yule bahili wa misumari", akahamia duka la jirani.

Nikaenda na begi langu. Simu nzima, nyaya nzima. Nikashuku ruta, kile kisanduku cha intaneti kilichofungwa chini ya ngazi. Inaruhusu sauti itoke, inazuia inayorudi.

Nikabadilisha mpangilio, nikatoa simu yangu ya mkononi, nikapiga ya mezani kwa mzee, ofisini kwake ghorofani, kujaribu.

"Mzee, unanisikia?"

Nikamsikia akimwambia mkewe, "Bado. Hasikiki."

Nilitaka kukata. Kidole kikagoma.

"Huyu kijana, mama watoto, kazi anaijua na adabu anayo. Ila mwoga kupita kiasi. Siku akiniuliza jibu kwa mdomo wake mwenyewe, nampa hapo hapo."

Zile ngazi sikumbuki nilizipandaje. Niliingia ofisini kwake natweta, nikavuta kiti, nikakaa kiti kizima.

"Mzee, nimekuja kuulizia jibu la posa."

"Nimekubali," akasema, kwa utulivu wa mtu anayeuza saruji.

Nilifurahi hadi machozi yakanilenga. Mkewe naye alikuwa anacheka mpaka mtandio unamdondoka. Akaniuliza kama kweli fundi mzima nimesahau tatizo nililoitiwa. Akaniambia mumewe alijua fika kwamba kule chini namsikia kila neno.

Nikamgeukia. Mzee wa watu akawa anazipanga kalamu zake mezani.

"Usoni nilishindwa," akasema. "Kila nikitaka kukwambia, na mimi naona haya."

Kumbe tulikuwa waoga wawili, tunamchosha binti bure.

Nikasema basi ngoja nikaimalizie ruta, simu zipone. Akaninyooshea mkono kunizuia.

"Iache kwanza. Shuka chini unipigie tena, kuna suala la mahari."

Nikashuka.

Ndugu zangu, jambo la moyo liulizeni mapema. Aliyekaa kimya mbele yako huenda anaogopa kuliko wewe. Na simu ya ofisini ikisikika upande mmoja, msikimbilie kununua mpya, anzeni na ruta. Ila kabla ya ruta, chungeni midomo.