Geti la Treni Inayorudi Nyuma

Mwanangu, kuna siku moja ambayo hunijia kila mvua ikianza kunyesha. Nakuita mwanangu ingawa nimekuzidi miaka michache tu, maana wewe ni mtoto wa dada yangu, na sasa unataka kusomea kompyuta. Basi kaa unisikilize.

Nilikuwa nimemaliza chuo juzi juzi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukagua programu ya geti la reli upande wa Londiani, pale mama yangu, bibi yako, anapovuka akipeleka maziwa. Treni ikikaribia, geti lishuke; ikishapita, lipande. Wenzangu walikuwa wamelijaribu wiki nzima bila shida. Mimi usingizi haukuja. Unanijua, hata mlango nikishaufunga narudi kuushika.

Nikaiandika programu yote upya kwa hisabati, nikaiachia kompyuta itafute kila njia ambayo mambo yanaweza kwenda, hata zile ambazo hakuna mtu angefikiria kuzijaribu. Ikapata moja. Treni imevuka barabara, geti limepanda, halafu treni inashindwa na mlima ulio mbele na kurudi nyuma. Geti linabaki wazi, kwa sababu programu iliambiwa kwamba treni ikishapita imekwenda.

Nikampelekea mkubwa wangu. Alikuwa anangoja sahihi yangu tu geti lianze kazi Jumatatu.

"Cherono, treni si ng'ombe, eti itarudi kutafuta ndama."

"Engineer, huku ni mlima. Mvua ikinyesha reli zinateleza."

"Tumelijaribu."

"Mmelijaribu kwa treni zinazoenda mbele."

Akashika kichwa. Ofisi nzima ikaanza kuniita Mama Wasiwasi. Ningefanya nini, mwanangu? Ningepitisha, kisha nimwangalie mama akitoka na mitungi yake? Nilikataa kutia sahihi. Jumatatu ikapita, wakakasirika, nikarekebisha programu isikilize treni pande zote mbili. Kompyuta ikatafuta tena, njia ile haikuwepo.

"Sasa umetosheka?" akauliza mkubwa.

"Kwa swali hilo, ndiyo." Nikatia sahihi.

Mvua ilipoanza, mama akanipigia simu akiwa amekasirika.

"Hiyo kitu yenu imeharibika. Treni imepita, geti imefunguka, kabla nivuke ikafunga tena. Maziwa iharibike? Nimemtukana sana mwenye alitengeneza."

"Halafu?"

Akashusha sauti.

"Halafu treni ikarudi kinyumenyume."

Kwa hiyo, mwanangu, watakapokuambia unafikiri kupita kiasi, na watakuambia mpaka uchoke, usikubali kunyamazishwa na neno "tumejaribu". Lakini pia usikae unatetemeka tu, kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Hofu yako igeuze iwe swali linaloweza kujibiwa, ulifuate mpaka mwisho. Likishajibiwa, nenda ukalale.

Mungu akupe kichwa kisichotulia mchana na usingizi mzito usiku, na kila anayevuka mbele ya kazi yako afike ng'ambo, hata kama anakutukana.